Mifuko Minne na Mashine Iliyoganda

Ukitaka kumwona wifi yangu akikasirika, na kumkasirisha ni kazi kweli, mwambie kompyuta yako iligoma na wewe ukaizima. Atakutazama kama umemfungia mgeni mlango usoni. "Uliizima? Bila kuangalia ilikuwa inafanya nini?" Mimi siku zote nilidhani ni maringo tu ya watu wa kompyuta. Kila fani ina maringo yake, hata sisi wa maabara tunayo. Mpaka siku ile.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Ndiye anayezitunza seva za hospitali yetu, zile kompyuta kubwa zinazofungiwa chumba cha baridi na ambazo watu wote wanazitegemea ila hakuna anayezikumbuka. Ndiyo, najua, fundi wa mtandao anaitwa wifi. Kichekesho hicho kimeshazeeka, tuendelee. Mimi niko benki ya damu, ghorofa moja chini yake. Tunaonana nyumbani, tunaonana kazini, na tukigombana hakuna pa kukimbilia.

Ni mwanamke wa kwenda na utaratibu, utaratibu wa kuudhi. Akianza kukusimulia jambo, ukamkatiza, haendelei alipoishia. Anaanza upya. Kaka yangu aliwahi kuinuka katikati ya habari kwenda kufungua mlango, aliporudi akaanziwa tena tangu neno la kwanza, na yule mgeni naye akalazimika kukaa kusikiliza. Akifua, anafua mpaka nguo ya mwisho. Akipika, usimwite. Mimi nina hasira za karibu na mdomo usio na breki, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa namwona mzito. Nilimwambia hivyo usoni, tena mara nyingi tu, naye hucheka. "Wewe kimbia, wifi, mimi nakuja."

Sasa sikia.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa amelazwa wodi ya wazazi. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Uzazi wa pili nusura atutoke. Aliongezewa damu nyingi, na tangu hapo damu yake ikawa na kisirani. Inatokea. Mtu akishapokea damu za wageni wengi, mwili unaweza kujifunza kuzikataa. Hata kundi likiwa sawasawa, mfuko mmoja atauchukua vizuri na mwingine utamuua kabla haujafika nusu. Mtu kama huyo humpi damu kwa kusoma kundi tu. Unapima kila mfuko na damu yake mwenyewe, unaweka vijaribio, vile vichupa vya kupimia, kwenye joto, unangoja, unazungusha, unatazama kama inagandana. Karibu saa nzima. Ukiharakisha, unajidanganya.

Asubuhi ile nilimpimia mifuko minne kwa mikono yangu, maana nisingemwachia mtu mwingine. Mitatu ilikubali. Mmoja uligandana kama maziwa yaliyochacha.

Kwetu matokeo hayaandikwi pembeni. Yanaingizwa kwenye kompyuta moja kwa moja, kisha printa inatoa lebo, unabandika kwenye mfuko: huu wa fulani, huu usimpe fulani. Nilijaza, nikabonyeza, kioo kikaniambia: Imehifadhiwa. Nikamwaga vijaribio kwenye ndoo ya dawa kama kila siku, nikanyoosha mkono kwenye printa. Lebo haikutoka. Nikabonyeza tena. Kimya. Kioo kimeganda, hata kishale hakisogei. Nikatoka kwenda chumba cha pili kujaribu kompyuta nyingine, nayo imeganda vilevile.

Niliporudi, mezani palikuwa peupe.

Tuna mwenzetu tunamwita Barafu, kwa jinsi anavyolipenda friji. Damu hairuhusiwi kukaa nje, ndiyo sheria, na Barafu angemkuta hata mama yake mzazi mezani angemrudisha kwenye friji. Alikuwa ameirudisha mifuko yote minne, kwenye shelfu ya mdogo wangu, imepangwa vizuri inapendeza. Mitatu mizuri na mmoja mbaya, bega kwa bega. Sikuweza hata kumgombeza, alifanya kazi yake. Nambari za mifuko ni ndefu, na hiyo minne ilichangwa siku moja, inafanana mpaka tarakimu za mwisho. Niliitazama, jamani, naapa niliitazama mpaka macho yakaniuma. Sikujua ni upi.

Nikajiambia, tulia, mdogo wako hajajifungua bado, mashine itarudi.

Simu ikalia. Daktari wa wodi ya wazazi.

"Mtoto ametoka, wa kike, mzima," alisema, harakaharaka. "Mama anavuja. Anavuja vibaya. Nahitaji mifuko miwili sasa hivi."

"Daktari, ipo minne, lakini mmoja ni sumu kwake na sijui ni upi. Kompyuta imeganda na matokeo."

Nyuma yake nilisikia mkunga akiitisha kitambaa kingine, kingine tena.

"Kurudia kipimo ni muda gani?"

"Karibu saa nzima."

"Saa nzima sina. Nusu yake sina. Tunampeleka thieta. Lete mifuko yote minne huko, na wewe nitafutie ni upi."

Nilimwambia Barafu achukue sampuli kutoka kila mfuko, aanze kipimo upya hata kama tutachelewa, kisha mhudumu aikimbize mifuko juu. Naye bila swali akaanza. Mimi nikapanda ngazi mbilimbili kwenda chumba cha seva, viatu nimeviacha sijui wapi.

Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, kibodi mapajani, uso karibu ugusane na kioo cheusi chenye maandishi meupe. Pembeni yake amesimama bosi wake, mzee mmoja mpole ambaye ndiye aliyemfundisha kazi tangu alipotoka chuoni. Siku ile upole ulikuwa umemwishia. Simu moja sikioni, nyingine inatetema mfukoni, na mkono wa kulia umekaa karibu kabisa na kitufe cha kuzimia.

"Wifi," nikasema, na sauti haikutoka vizuri. "Matokeo ya damu ya mdogo wangu yamo humo. Anavuja. Niambie mfuko mbaya ni upi."

Aligeuka akanitazama mara moja tu. Rangi ilimtoka. Kisha akarudi kwenye kioo.

"Uliingiza saa ngapi? Kabla haijaganda au baada?"

"Palepale! Iliniambia imehifadhiwa, halafu ikaganda."

"Basi haijahifadhiwa," akasema.

Bosi akasema, "Tuizime tuiwashe. Jarida lipo. Ikiwaka itajisafisha yenyewe, hospitali irudi kazini."

"Hapana, bosi."

Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu yule hapana. Nadhani hata yeye bosi hakuwahi.

"Jarida nini?" nikauliza. "Nielezeni kwa lugha ya watu!"

Akanieleza huku vidole vinabonyeza, bila kunitazama. Mashine haibadilishi kitu kwenye diski hivihivi. Kwanza inaandika mahali maalumu panapoitwa jarida: nataka kubadilisha hiki, na hiki, na hiki. Ikishamaliza kuandika vyote, inapiga muhuri. Umeme ukikatika baada ya muhuri, mashine ikiwaka inasoma jarida na kumalizia kazi. Ukikatika kabla ya muhuri, inatupa vyote, kana kwamba hakuna aliyewahi kuandika. Hakuna mambo ya nusunusu, na ndiyo maana diski haziharibiki.

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Vizuri sana. Ila ya kwako haijapigwa muhuri. Ile programu yenu inawaambia imehifadhiwa mapema ili muione ina kasi. Ukweli ni kwamba matokeo yako bado yanaelea. Tukizima, kila kitu kitarudi, dawa, vitanda, majina ya wagonjwa, kila kitu. Isipokuwa hicho unachokitaka wewe."

Nilishika ukuta.

Kilichotokea ni hiki. Idara ya takwimu walikuwa wamefungulia ripoti yao ya mwaka asubuhi, wakati hospitali imejaa, na ile ripoti ikameza memori yote ya seva, haikubakisha hata tone. Memori ni ile nafasi ya mashine ya kufanyia kazi, kama meza. Na mfumo wa kuandika kwenye diski ulikuwa katikati ya kuandika jarida. Ukaomba kipande kidogo cha memori ili umalizie. Ukanyimwa.

"Ukinyimwa mwanzoni, kabla haujagusa kitu, unarudi zako," wifi akasema. "Unasema samahani, jaribu baadaye. Lakini huu umenyimwa katikati. Umeshashika vitu, umeshafunga milango nyuma yake. Hauwezi kurudi na hauwezi kwenda. Kwa hiyo unaomba. Unanyimwa. Unaomba tena."

"Mpaka lini?"

"Hauna mwisho. Ndivyo ulivyoandikwa. Kuna mingine imeandikwa ikate tamaa, ivunje jarida na igome kuandika tena. Ungekuwa huo, mambo yako yangekuwa yameshakwenda na maji."

"Basi iue hiyo ripoti inayokula memori!"

"Nimeshaiua. Haifi."

"Haifi vipi, ina roho ya paka?"

Bosi ndiye aliyejibu, kwa kuchoka. "Ili ife inabidi imalizie kitu chake kwenye diski. Na mlango wa diski umefungwa na huyu anayeomba memori. Na memori ataipata ripoti ikifa."

"Ni kama umebeba sufuria la moto kwa mikono miwili," wifi akasema. "Meza imejaa vyombo. Wa kuondoa vyombo yuko nje, na mlango umeufunga wewe, na mikono yako ina sufuria."

Hapo hasira zikanipanda. "Mdogo wangu anakata roho na wewe unanipigia hadithi za sufuria! Fanya kitu! Ni wifi yako yule, si kompyuta!"

Masikio yalimwiva. Simu yangu ikaita.

"Tuko thieta," daktari akasema. "Nimebana ninapoweza kubana. Shinikizo la damu linashuka. Nasikiliza."

"Bado, daktari."

"Sikia. Mitatu kati ya minne ni mizuri. Nikiendelea kungoja, atakufa, hilo halina mjadala. Naenda kutundika mmoja."

"Usitundike! Nakuomba! Daktari, ukikosea hamtaweza kumrudisha!"

"Na nisipotundika?"

Nilimtazama wifi, na nafikiri nilimtazama kama mtu anayening'inia anavyomtazama aliyeshika kamba. Alikuwa amesikia kila kitu, simu ile ina sauti kubwa.

"Mwambie inakuja," akasema.

"Wifi..."

"Mwambie inakuja. Asifungue mfuko. Inakuja."

Alisema kwa sauti ileile ya kila siku, imetulia kabisa, kama mtu anayekwambia chai iko jikoni. Nikamwambia daktari inakuja. Akasema anatundika, ila hafungui mrija mpaka nimwambie, na kwamba hatangoja sana. Nikaiacha laini wazi.

Bosi akaweka kidole juu ya kitufe. "Binti yangu, nisikilize. Wagonjwa mahututi hawasomewi dawa zao. Wodi nzima ya watoto imesimama. Siwezi kuishikilia hospitali yote kwa ajili ya mtu mmoja, hata awe wa kwenu. Kipimo cha maabara kimeshaanza upya?"

"Kimeanza," nikasema, "lakini hakitawahi."

"Najua hakitawahi," akasema, na niliona macho yake yamejaa maji. "Najua."

Wifi akainuka kwenye kigoda. Si mrefu, anafika begani kwa yule mzee. Akaja akasimama kati yake na mashine, mgongo umekikinga kitufe.

"Bosi, nina memori nimeificha."

"Umeificha wapi?"

"Kuna kiprogramu nilikiandika. Hakifanyi kitu. Kimekalia tu memori, hakigusi diski, hakimngoji mtu. Kwa hiyo nikikiua kinakufa palepale na nafasi yake inabaki wazi."

Mzee alikunja uso. "Kile? Nilikwambia ukiondoe. Nilikwambia kinakula nafasi bure."

"Sikukiondoa."

"Ala!" akasema, na sikuelewa kama ni hasira au ni kitu kingine. "Basi kiue!"

"Nikikiua sasa hivi, wengine watainyakua. Kila mtu hospitali nzima anabonyeza na kubonyeza. Kila kubonyeza ni ombi jingine. Ninacho kimoja tu, bosi. Kikipotea, ndiyo basi."

Akazunguka nyuma ya kabati la seva. Nikaona ameshika nyaya za mtandao, zile za rangi rangi, nyingi mno. Akachomoa. Hakuchomoa mmoja mmoja, alizishika kama mtu anayeng'oa magugu, akavuta, akavuta tena. Taa ndogo za kijani zikazima mstari kwa mstari. Waliokuwa wanaona kioo kilichoganda sasa hawakuona kitu kabisa. Simu za bosi zikalia zote mbili kwa pamoja, na ya mezani, na koridoni mtu akapiga kelele, "Imekufa! Imekufa kabisa sasa!" Bosi alifunga mlango kwa mgongo wake akauegemea, na hakupokea simu hata moja. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Wifi akarudi kwenye kibodi. Akaandika kitu kifupi. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe cha mwisho, akavuta pumzi, akabonyeza.

Hakuna kilichotokea.

Naomba unielewe. Nimefanya kazi hospitali miaka mingi, nimeona watu wakingoja habari, na mimi nimewapelekea nyingine mbaya. Sikuwahi kujua kungoja ni kitu gani. Kulikuwa na kitaa kimoja mbele ya diski, kimewaka, kimetulia, hakipepesi. Tulikikodolea macho sote watatu. Kwenye simu nilisikia mashine ya moyo ya thieta ikilia tit, tit, tit, na nikawa nahesabu bila kutaka, na nikagundua inakwenda kasi kuliko inavyotakiwa.

"Niambie," sauti ya daktari ikasema. "Niambie sasa."

"Inakuja," wifi akasema, mbele yangu, moja kwa moja kwenye simu.

"Mkono wangu uko kwenye mrija."

"Inakuja, daktari. Usifungue."

Kitaa kikapepesa.

Mara moja tu. Kikatulia tena, na mimi roho ikanitoka. Halafu kikapepesa mara mbili, halafu kikaanza kucheza kama kimeingiwa na wazimu, na kwenye kioo mistari ikaanza kukimbia kuelekea juu. Bosi akasema, "Umepita. Umepita! Unapiga muhuri!" Ile ripoti iliyokataa kufa ikaanguka papo hapo, na memori yote iliyokuwa imeibana ikarudi. Wifi hakushangilia. Alikuwa ameshafungua kumbukumbu za benki ya damu, anatafuta jina la mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza niliona vidole vyake vinakosea herufi. Akafuta. Akaandika upya.

"Huu hapa. Mifuko minne. Rudia ninavyosoma."

Akasoma nambari za mitatu mizuri, mpaka mwisho, tarakimu kwa tarakimu, na mimi nikazirudia kwenye simu. Kisha akasoma ya ule mbaya. "Inaishia saba, mbili, tisa."

Kwenye simu ikasikika ile tit, tit tu.

"Daktari?"

"Saba, mbili, tisa," akasema polepole. "Ndio niliouning'iniza."

"Umefungua?"

Mungu wangu, alichelewa. Nikasikia chuma kinagonga chuma na mtu akisema, toa, toa huo, lete wa pembeni.

"Sijafungua," akasema. "Nimeutoa. Natundika mwingine. Niache nifanye kazi." Simu ikakatika.

Nilikaa chini, sakafuni, kwenye saruji baridi, nikalia kama mtoto. Nililia kwa sauti, sikuona aibu, hata sasa sioni. Bosi alinipigapiga begani huku akisema kwenye simu, "Ndiyo, inarudi, ndiyo, subirini." Wifi alikuwa ameshazunguka nyuma ya kabati, anarudisha nyaya. Moja moja safari hii, kila moja mahali pake.

Mdogo wangu alichukua mifuko yote mitatu. Walifanikiwa kuzuia ile damu. Mchana nilienda kumwona amelala, midomo imeanza kurudi rangi, na yule binti yake mdogo pembeni amefumba ngumi kama anayetafuta ugomvi. Shemeji yangu, mumewe, alikuwa amekaa kitandani miguuni. Nilimshika tu mkono. Barafu alimaliza kipimo chake muda mrefu baada ya damu kuingia, na majibu yalikuwa yaleyale: saba, mbili, tisa. Aliniletea mwenyewe mpaka wodini, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia.

Nikaenda kumtafuta wifi. Chumba cha seva hakuwepo. Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, zile ambazo watu hawapiti, amekaa na mikono ameifumbata katikati ya magoti. Alikuwa ametapika, nilisikia harufu. Nikakaa pembeni yake.

"Yuko salama," nikasema. "Amelala."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia.

"Wifi, nisamehe nilivyokufokea."

"Haya."

Tukakaa. Chini watu walikuwa wanapita na vitanda, maisha yamerudi kama kawaida, mtu anacheka.

"Kile kitaa," nikasema. "Kabla hakijapepesa. Ulijuaje kuwa itafunguka?"

"Sikujua."

"Ulisema inakuja."

"Sikujua, wifi." Aligeuka akanitazama, na macho yalikuwa mekundu. "Sikuwa na hakika hata kidogo. Ile nafasi ingeweza kuliwa yote na isifunguke. Nilikuwa sijawahi kukijaribu kile kiprogramu."

"Sasa mbona ulimwambia..."

"Ningemwambia nini? Ningemwambia sijui, angefungua."

Nikafungua mdomo, mimi ambaye sikosi la kusema. Nikafunga.

"Na kama isingefunguka," akasema, "angekufa kwa kungoja. Angekufa kwa sababu yangu. Ningerudi vipi kwenye ile nyumba? Ningemtazama vipi kaka yako? Nilikuwa naliwaza hilo, na mdomo wangu unasema inakuja, inakuja." Akajifuta pua kwa kiganja. "Usimwambie mdogo wako."

Sijamwambia. Mdogo wangu anajua mashine iliharibika ikatengenezwa, basi. Kila akikutana na yule daktari anamshukuru kwamba alikuwa na subira. Ananishukuru mimi niliyepima. Na wifi anakuwepo, amekaa hapohapo, amempakata yule binti, na binti anamvuta hereni, naye anasema, "Taratibu, mama, taratibu, utanichana sikio."